Jembe la Shule: Nani Aliulizwa, Nani Alikula?

Mwulize mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanzania, awe wa Ngarenaro au wa Newala, alibeba nini kwenda shule mbali na madaftari. Atakujibu bila kufikiri: jembe, fagio, kidumu cha maji, na samadi ndani ya mfuko wa rambo. Kila mmoja wetu ana shamba la shule kichwani. Lakini hebu fungua vile vitabu vya historia tulivyokariri kwa ajili ya mtihani. Utakuta Mkutano wa Berlin, utakuta Maji Maji, utakuta Azimio la Arusha. Shamba la shule hulikuti. Ni kama vile lilikuwapo tu tangu dunia iumbwe, halina mwanzo wala mwenyewe.

Mimi nasema lina historia, tena ndefu, na kipande chake kikubwa kimepita hapa kwetu chini ya Mlima Meru. Nimeifuata kwa maswali mawili tu, na nakukabidhi na wewe, msomaji, uyashike njia nzima. Shamba lilipoanzishwa, nani aliulizwa? Na lilipovunwa, nani alikula?

Kabla ya kengele

Sisi tuliokulia Elerai, magharibi mwa jiji la Arusha, tunaishi juu ya jina la mti. Kwa Kimasai olerai ni ule mgunga wenye gome la manjano unaopenda kusimama penye unyevu. Ndio huo huo uliotoa jina la msitu wa Lerai ndani ya bonde la Ngorongoro. Leo Elerai utaona zaidi fremu za maduka, gereji na bodaboda kuliko migunga. Lakini udongo wa chini ni ule ule: mweusi, mlaini, uliotemwa na mlima zamani sana. Masika ikianza katikati ya Machi, hata ufa wa sementi huota kitu.

Kabla ya shule hakuna mtoto wa mlima huu aliyekosa darasa la kilimo. Wameru walikuwa wamekaa upande wa mashariki kwa karne kadhaa. Waarusha walipanda kutoka nchi ya chini na kuanza kulima upande wa magharibi tangu miaka ya 1830 hivi. Wote walichimba mifereji kutoka kwenye mito ya mlima, wakastawisha migomba, maharage na mahindi. Mtoto alifundishwa kwa kufuatana na mama yake shambani. Sitaki kumdanganya mtu kwamba ilikuwa peponi. Watoto walitumwa na walichapwa. Lakini yule aliyepalilia maharage aliyaona maharage yale yale yakiingia kwenye chungu cha kwao. Hakuhitaji mtu wa kumweleza maana ya kazi.

Halafu wakaja Wajerumani. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa kule Akeri, na kisasi cha Wajerumani kikawa kikali. Boma la Arusha lilijengwa mwaka 1900 kwa jasho la watu wa hapa hapa. Wamisionari wakarudi: Nkoaranga mwaka 1902, Ilboru mwaka 1904. Walikuja na Biblia, ubao na miche ya kahawa. Wakati huo huo walowezi walikuwa wanapimiwa mashamba makubwa chini ya mlima, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini. Polepole Wameru na Waarusha wakajikuta wamezungushiwa mkanda wa mashamba ya wageni. Juu yao msitu wa serikali, chini yao kahawa ya mzungu.

Shike hapo, msomaji, maana ndipo shamba la shule linapoingilia.

Bustani iliyovuka bahari

Bustani ya shule si uvumbuzi wetu. Austria, kwa sheria yake ya elimu ya mwaka 1869, ilizitaka shule za vijijini ziwe na bustani. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia iliwageuza watoto wa shule kuwa jeshi la bustani, wakalima mboga ili chakula kingine kipelekwe vitani. Kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa baya wala la ajabu. Swali ni lilifika kwetu likiwa limevaa nini.

Lilifika likitokea Alabama. Mwaka 1881 Booker T. Washington alianzisha chuo cha Tuskegee, ambako vijana weusi, watoto wa watu waliokuwa watumwa jana tu, walijifunza kujenga, kufyatua matofali na kulima. Wako waliomsifu. Wako waliomkasirikia, na mkubwa wao alikuwa W.E.B. Du Bois, aliyeona kwamba mtu mweusi akifundishwa mikono peke yake atabaki kuwa mikono ya mwenzake. Ubishi huo ulikuwa bado moto pale tume ya mfuko wa Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, Tanganyika ikiwemo. Iliongozwa na Thomas Jesse Jones, na ndani yake alikuwamo Mwafrika mmoja, James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana. Taarifa yake ilisema elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake: afya, nyumba, kilimo. Mwaka 1925 serikali ya London nayo ikatoa sera inayofanana na hiyo. Tangu hapo bustani ikawa sehemu ya shule kama ilivyo kengele.

Ukisoma juu juu utasema: kosa liko wapi? Mtoto wa mkulima afundishwe kilimo, vizuri kabisa. Lakini simama kwenye mteremko wa Meru uangalie chini. Mtoto anafundishwa matuta na mbolea, huku shamba ambalo angelimia hayo matuta linamilikiwa na mlowezi. Anaambiwa kilimo ndiyo fungu lake, na fungu lenyewe limechukuliwa. Mwaka 1951 mambo yakafika kileleni: serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki na Leguruki ili kuwapisha wafugaji wa kizungu. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kuwasilisha malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakupata ardhi siku ile, lakini Tanganyika nzima ilisikia.

Ndiyo maana wazazi wengi wa wakati ule hawakumpeleka mtoto shule akashike jembe. Jembe lilikuwapo nyumbani. Walimpeleka akashike kalamu, ili siku moja awe na uwezo wa kusoma ile karatasi ya kumfukuzia. Wazungu waliita dharau kwa kazi ya mikono. Mimi naita akili.

Kwa hiyo katika zama hizo majibu ya maswali yetu ni mafupi. Aliyeulizwa: si mtoto, si mzazi. Aliyekula: inategemea na roho ya mwalimu.

Mbali na Arusha, kule Litowa

Ili kuelewa kilichotokea Arusha mwaka 1967, inabidi tusafiri kwanza mpaka Ruvuma, maana wazo lililotangazwa huku lilikuwa limeshajaribiwa kule.

Mwaka 1960 kikundi cha vijana wa TANU Youth League, kiongozi wao Ntimbanjayo Millinga, kiliingia porini Litowa, Songea, kikaanza kulima pamoja. Vijiji vingine vikafuata, na mwaka 1963 vikaunda umoja wao ulioitwa Ruvuma Development Association. Hawakuagizwa na mtu. Walikaa, wakabishana, wakaamua.

Litowa walikuwa na shule, na mwalimu mkuu wake alikuwa Suleiman Toroka. Watoto walitoka kwenye vijiji vya umoja huo. Walimu na wanafunzi walilima pamoja, mambo ya shule yaliamuliwa kwenye mikutano ambayo wanafunzi nao walikuwamo, na chakula cha mezani kilitegemea kazi ya shambani. Ukizembea kupalilia Januari, tumbo lingekukumbusha baadaye. Hapakuwa na haja ya kiboko.

Kwa mara ya kwanza katika safari yetu maswali mawili yanapata jibu moja. Aliyeulizwa ndiye aliyelima, na aliyelima ndiye aliyekula.

Nyerere alikijua kijiji hiki, alikipenda, na wengi walioandika habari za miaka ile wanaona kivuli cha Litowa ndani ya sera yake ya elimu. Sasa sikia mwisho wake. Septemba 1969 uongozi wa juu wa TANU uliuvunja umoja wa Ruvuma. Mali zake zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa huku na huku. Wakubwa wa mkoa na wa chama hawakustarehe na watu wanaojiamulia. Kumbe kujitegemea kulikuwa kuzuri mradi kutoke juu. Weka hilo akilini.

Machi 1967

Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967. Ukumbi wenyewe ni ule wa Kaloleni ambao sasa ni makumbusho ya Azimio, mwendo wa miguu tu ukitokea Elerai. Tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Mwezi uliofuata, Machi, Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea.

Vijana wengi tunaijua kwa jina tu, kama jibu la swali la Uraia. Mimi niliisoma ukubwani, nikashangaa. Nilitegemea kukuta hotuba ya watoto walime, basi. Nikakuta mtu ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu anafikiri kwa makini. Anasema kila shule iwe na shamba au karakana, lakini lisiwe shamba la maonyesho lenye mitambo ambayo mkulima wa kawaida hataipata maisha yake yote. Anasema hesabu, sayansi na jiografia vikutane pale kwenye tuta. Anasema watoto wadogo wasibebeshwe mzigo wa wakubwa. Wanaweza kuanza na bustani, au kusaidia shamba la kijiji kwa kazi inayowafaa. Na anasema jambo ambalo ndilo roho ya yote: wanafunzi washiriki kupanga, watunze hesabu, na wao wenyewe washiriki kuamua matunda ya jasho lao yatumikeje. Wakifanya vizuri wanufaike, wakifanya vibaya waone hasara.

Yaani karatasi ile inajibu maswali yetu yote mawili. Aulizwe mwanafunzi, ale mwanafunzi. Kama ingefuatwa ilivyoandikwa, nisingekuwa na cha kuandika leo.

Gunia linachukua nafasi

Kilichotokea baadaye ni kwamba taifa lilipatwa na haraka. Mwaka 1972 lilikuja Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo. Mvua zikagoma, akiba ya chakula ikaisha, na mwaka 1974 ikatangazwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Novemba mwaka huo huo, Azimio la Musoma likaamua kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1977 kila mtoto awe shuleni. Ni jambo kubwa na la kujivunia: wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, na mwaka 1978 walikuwa karibu milioni 2.9. Lakini fedha hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Chaki ilitakiwa, madawati yalitakiwa. Shamba la shule likaonekana kama benki.

Hapo ndipo bustani ilipogeuka gunia. Afisa alipokuja kukagua hakuuliza watoto wamejifunza nini. Aliuliza eka ngapi, magunia mangapi. Kitu chenye idadi ndicho kinachoingia kwenye taarifa.

Baba yangu mdogo alisoma Arumeru miaka hiyo. Nilimwendea jioni moja na daftari langu, nikamwamkia, nikamwuliza habari za shamba la shule yao. Akacheka.

"Mwanangu, sisi tulikuwa jeshi. Alfajiri mchakamchaka, kisha shamba, ndipo darasa. Mikono ikitetemeka unashika kalamu."

"Mlikula mlichovuna, baba?"

"Siku ya sherehe tulikula makande. Hiyo siwezi kukataa. Siku nyingine gari lilikuja."

"Na nani aliyekuwa anaamua mpande nini?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa nani huamua mvua inyeshe. "Iliamuliwa," akasema.

Iliamuliwa! Neno hilo moja lina historia ya nchi hii ndani yake kuliko kurasa mia za kitabu. Mwanasarufi atakwambia ni kauli ya kutendwa. Mimi nasema ni kauli ya kutoulizwa.

Na kuna jambo jingine ambalo yeye na mimi, tuliopishana zaidi ya miaka 25, tulilikuta sawasawa: jembe kama adhabu. Umechelewa, lima tuta. Umepiga kelele, chimba kisiki. Umeongea Kiswahili sekondari, kamwagilie bustani. Huwezi kumwambia mtoto saa mbili asubuhi kwamba kilimo ni heshima ya taifa, halafu saa nne ukampa hicho hicho kilimo kama adhabu ya kuchelewa namba. Mtoto si mjinga. Atachagua kuamini adhabu.

Miaka ya themanini uchumi ukaanguka, vita ya Kagera ikiwa imeshakamua hazina. Mwaka 1985 Nyerere akang'atuka, mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na michango ya wazazi ikarudi mashuleni kwa majina mbalimbali. Siasa ya kujitegemea ikafifia. Jembe likabaki. Nadhani hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote: fikra iliondoka, kazi ikabaki bila fikra.

Magunia sita

Nilianza darasa la kwanza mwaka 2003, shule moja ya hapa Elerai. Ilikuwa enzi za MMEM, ule mpango wa elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa. Tulijaa darasani kama dagaa, na wengine tulikaa chini. Nyuma ya madarasa lilikuwapo shamba, labda nusu eka.

Nilipokuwa la tano tulilima kweli kweli. Januari tulikatua, Februari kila mtoto akaleta samadi, mvua za Machi ziliposhika tukapanda mahindi na maharage mstari kwa mstari, mbegu mbili mbili kila shimo. Tulipalilia kwa zamu. Sikudanganyi, palikuwa na raha yake. Chalii wangu mmoja aliyekuwa wa mwisho darasani kila mtihani alijua kupanda kuliko sisi wote, na kwa wiki zile chache alitembea kifua mbele. Shamba lilikuwa limempa cheo ambacho ubao ulimnyima.

Juni tukafunga shule. Maharage huiva Juni. Tulipofungua Julai, hayakuwapo, na hapakuwa na aliyetuambia yamekwenda wapi. Mahindi tulivuna wenyewe Agosti, tukapukuchua mpaka vidole vikatoka malengelenge. Yakajaa magunia sita. Yakapakiwa kwenye pikapu. Siku ya pili paredi, dada mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono na kuuliza kwa adabu kabisa: "Samahani mwalimu, mahindi yetu yameuzwa shilingi ngapi?" Akaambiwa atoke mstarini, apige magoti.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Dada yule alikuwa anaomba daftari tu. Alikuwa anatekeleza Elimu ya Kujitegemea neno kwa neno bila kuisoma, na akapigishwa magoti kwa hilo. Nikikumbuka nyuso za wenzangu asubuhi ile najua ni lini kizazi changu kiliamua kwamba kulima ni kazi ya mtu aliyeshindwa. Si kwamba tulikuwa wavivu wa mjini. Tulikuwa tumeshalima. Hatukulipwa hata hindi moja la kuchoma.

Mwaka uliofuata juu ya shamba lile pakajengwa madarasa mawili. Yalihitajika, sibishi.

Mchicha unaijua kalenda

Hebu sasa tulitazame jambo kwa macho ya mkulima. Shule zetu hufungua Januari na kufunga Juni. Masika ni Machi mpaka Mei. Mahindi yakipandwa Machi huiva Agosti. Maharage huiva Juni wakati watoto wako nyumbani. Kwa maneno mengine, mazao yaliyochaguliwa na hesabu za magunia ndiyo yanayomkwepa mwanafunzi. Huyapanda katika muhula mmoja, na huvunwa wakati mwingine, mara nyingi kwa mikono mingine.

Mchicha uko tofauti. Ukimwaga mbegu mvua zikishashika, kwa muda wa mwezi mmoja unachuma. Sukuma wiki unachuma majani ya chini, la juu linaendelea. Mnavu vivyo hivyo, na loshuu yetu ya Arusha, ambayo bibi akiichanganya kwenye chakula huhitaji nyama. Hizi ni mboga zinazolingana na muhula wa shule. Mtoto wa darasa la tatu atasia, atapandikiza, atachuma na atakula kabla ya kufunga shule, na hesabu yake ataijua kwa sababu itakuwa tumboni.

Lakini mchicha haujazi gunia la taarifa. Na kwa muda mrefu mboga hizi ziliitwa chakula cha maskini. Mjini mtu alinunua kabichi ili aonekane. Cha ajabu, ukienda Tengeru, njia ya Moshi, kuna kituo cha utafiti wa mazao ya bustani, na tangu mwaka 1992 kipo pia kituo cha kimataifa cha mboga. Pale wataalamu wanahifadhi na kuzalisha mbegu za mchicha, mnavu, nyanya chungu na mgagani. Nyanya mbili zilizotoka kwa kazi ya pale mwaka 1997, Tanya na Tengeru 97, zimeenea masokoni. Yaani kilomita chache kutoka kwenye shule zetu, mboga ya bibi ina shahada ya uzamivu. Shuleni kwangu haikuwa na hata tuta moja.

Kinachobaki mkononi

Mwaka 1967 mji wa Arusha ulikuwa na watu kama 32,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu jiji lenye watu 617,631. Ardhi ya shule Elerai sasa hivi ni uwanja, vyoo na madarasa, yakiwemo yale yaliyojengwa nchi nzima kwa fedha za UVIKO-19. Nani atarudisha nusu eka? Hakuna. Lakini bustani haijawahi kuhitaji nusu eka. Gunia lililojazwa udongo na samadi, likatobolewa pembeni, linabeba mboga ya kutosha, na kinamama wa kitaa changu wanazo uani.

Serikali nazo zimelikumbuka jembe. Kenya ilizifufua mwaka 2021 zile 4K Club zake zilizoanza mwaka 1962. Kwetu mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, kilimo kikiwemo. Nafurahi, lakini nafurahi kwa tahadhari. Tangu mwaka 1925 kila kizazi kimeletewa jembe la shule likiwa na jina jipya, na kila mara lilipoharibika halikuharibiwa na jua wala viwavi. Liliharibika pale mtoto alipoacha kuulizwa na kuacha kula.

Kwa hiyo yeyote atakayekuja shuleni kwa mdogo wako na habari za bustani, mwulize mambo matatu ya kawaida. Watoto wamekaa lini kuamua wapande nini? Daftari la mapato liko wapi, na je, limebandikwa ukutani wote walione? Sufuria la shule litapikwa nini siku ya kuchuma? Kama anayo majibu, mpe na samadi.

Na ninyi mnaotaka kuandika, msihangaike sana kutafuta visa vya London. Historia hii haijaandikwa na mashahidi wake wanazeeka. Mjomba aliyelima Kilimo cha Kufa na Kupona yupo hapo barazani. Shangazi aliyeuliza swali paredi yupo, labda anauza nyanya Kilombero. Nenda, mwamkie, kaa chini, uliza nani aliamua na nani alikula. Andika jibu kama alivyolisema. Mimi nimeshaanza na baba mdogo. Wiki ijayo namfuata mwalimu mmoja mstaafu ambaye aliwahi kushika funguo za stoo.